Farasi wa Pembe ya Nyati

Chanthaburi, 3 Januari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, hofu ni kwenu tu. Goti la Mama linaendeleaje? Mwambie asipande ngazi ya ghala mpaka baridi iishe, na mwambie pia najua hatanisikia.

Kifurushi nimekipata. Kosa langu ni kukifungua mbele ya Mama Chuea, muuza barafu. Alipiga ukelele soko zima likageuka: "He! Baba yako mzazi ndiye kakutumia hiki?" Baba, niliona aibu, sikujua nitazame wapi. Nimekulia kwenye vumbi la pembe unazochongea hirizi, nimezoea mijusi wanaopandana na ndege wanaobusiana. Lakini huyu farasi juu ya mwanamke ni kitu kingine. Hata nyusi za mwanamke umezichonga, na uso wake hauna woga wowote.

Nimemtundika kibandani nyuma ya gunia la mkaa kama ulivyoagiza, chini ya usawa wa kiuno, mbali na sanamu ya Buddha. Na biashara imeamka! Jana kuku wa kuchoma walikwisha kabla ya adhuhuri. Tangu niachane na yule mume wa kwanza sijacheka hivi.

Kuna mteja mmoja, Prayong, dereva wa lori la matunda. Anakula kimya, anashukuru, anaondoka. Mama Chuea kanichokoza: "Mtaje jina huyo, tuone kama farasi wa baba yako ana miguu." Basi nikamgusa farasi, nikamtaja, huku nacheka. Hivi maana yake hasa ni nini, Baba? Hujawahi kuniambia.

Binti yako,
Samniang


Surin, 16 Januari

Mwanangu Samniang,

Marahaba. Sisi huku ni wazima. Goti la mama yako halijambo, ulimi wake ndio mzima zaidi. Kila asubuhi watawa wakipita kupokea wali, anakimbilia kufunika meza yangu kwa kitambaa. Namwambia, "We mama, yule mrefu wa nyuma kabla hajanyoa kichwa alikuwa mteja wangu." Hataki kusikia.

Umeuliza maana. Watu wa mjini wanacheka, wanadhani ni uchafu. Binadamu akimtaka mtu husingizia kwamba alikuwa anapita tu. Mnyama hasingizii. Mjusi akimtaka mwenziwe darini, hata kama chini kuna harusi, hajali. Ndiyo maana wazee wetu walichonga wanyama: ni kutaka kusikokuwa na aibu wala hila. Mijusi ni wa mlango wa duka. Ndege ni wa ulimi mtamu. Farasi ni mzito kuliko wote. Farasi ni nguvu inayokuja, na mwanamke ni yule aliyeiita. Tazama mikono yake vizuri: hamsukumi, amemshika shingo. Aliyeita ndiye anayebeba.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Farasi ni wa kuita watu, si wa kuita mtu mmoja. Ukiita wengi, uzito wanagawana. Ukimtaja mmoja, uzito wote ni wako. Huo mzaha usiurudie.

Mama yako anakusalimu na kukutumia samaki wakavu.

Baba yako


Chanthaburi, 20 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi ni mzima wa afya. Samaki walifika, asante Mama.

Barua yako ilichelewa. Prayong alikuwa ameshakuja. Alikuja na mto wake wa kulalia na sufuria moja, akasema amemwacha mkewe kule Trat, akauliza aweke wapi viatu. Baba, usikasirike. Nilifurahi. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, nanuka moshi tangu asubuhi hadi jioni, nani tena angenifuata? Nilipika mchele wa kunata, tukala, tukacheka.

Ni mpole. Hanywi, hapigi, hapandishi sauti. Ila sasa haendi kazini. Anakaa juu ya debe kando ya jiko langu tangu nafungua mpaka nafunga, ananitazama. Mteja akinitania, Prayong anamgeukia. Anamtazama tu, mpaka yule mteja anaacha chakula. Nikienda chooni, nikitoka namkuta mlangoni. Nikamwambia, "Wewe, nitapotelea chooni?" Akajibu, bila kucheka: "Sijui. Ndiyo maana nimekuja."

Wateja wamepungua. Mama Chuea ananiambia nimemlisha mtu limbwata bila kujua kipimo chake. Natabasamu, lakini maneno hayo yananikaa moyoni.

Binti yako,
Samniang


Surin, 2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku salama. Sikumsomea mama yako barua yako yote.

Mtoe farasi leo hii. Mwoshe kwa maji ya mchele, mtupe mtoni jua likiwa utosini, ondoka bila kugeuka. Ndivyo tunavyomfungua aliyeitwa. Kisha njoo Mwaka Mpya wetu, mwezi wa Aprili. Usije naye. Mwambie kwamba mama yako anaumwa, nami nitamwomba mama yako aumwe kidogo.

Baba yako


Chanthaburi, 29 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo? Najua mlinisubiri Mwaka Mpya. Najua Mama alikaa na bakuli la maji ya waridi ili nimwoshe mikono kama desturi. Nisameheni.

Farasi nilimtupa mtoni kama ulivyosema. Nilirudi nyumbani nikijiambia nitamkuta Prayong anafunga mto wake wa kulalia, anajiuliza amefikaje hapa. Nilimkuta anazungushia nyumba ua wa mabati. Alisema ni kwa ajili ya wezi. Wezi wa nini, Baba? Wa mawe yangu matatu ya jiko?

Lori lake ameliuza. Kibanda cha sokoni alikivunja mwenyewe, akaniambia nipumzike, yeye atanitosha. Siku ya kuja kwenu nilikuwa nimeshavaa. Alikaa kizingitini akalia kama mtoto, akasema nikiondoka atanifuata kwa miguu mpaka Surin, na akifika huko hajui atafanya nini. Nilivua viatu.

Dada yake alikuja na mganga. Walimmwagia maji, wakamfunga uzi mweupe. Dada yake alinitazama akasema, "Mfungue kaka yangu, mchawi we." Na anasema kweli. Mimi ndiye niliyemtaja. Namwogopa, Baba, na namwonea huruma, na siwezi kumkimbia mtu niliyemharibu kwa mkono wangu.

Nichongee kitu cha kumfungua. Chochote. Mtumie Mama Chuea barua, usitume hapa. Yeye ndiye anayeniletea barafu, na Prayong bado anamruhusu aingie.

Samniang wako


Surin, 6 Mei

Mwanangu Samniang,

Leo sikusalimu kwa kirefu. Tu wazima. Soma neno kwa neno.

Hakuna cha kufungua. Mimi hirizi siitoi mikononi kabla ya kuisomea maneno. Bila maneno ni pembe ya nyati, kama kishikio cha kisu. Na maneno ya farasi wewe hujawahi kuyasikia, kwa sababu nilikuwa nawafukuza ninyi watoto nikiyasoma. Ni maneno ya kitandani. Unamtaja mwanamke, unataja mwili wake kiungo kwa kiungo, unamwita farasi aje. Nilipomaliza kukuchongea nilikaa na farasi yule mkononi, nikafungua kinywa, nikashindwa. Wewe ni mwanangu. Baba gani angetamka maneno yale kwa jina la binti yake? Nikamfunga kwenye karatasi hivyo hivyo, bubu, na hata nilipokuagiza umtupe mtoni niliona aibu kukuambia. Nilijua ukiwa na moyo utauza tu, na uliuza. Wateja waliwafuata kuku wako.

Basi elewa. Hukumwita mtu. Hukumharibu mtu. Yule aliyekaa kizingitini amekuja kwa miguu yake mwenyewe, na yote anayoyafanya yametoka ndani mwake. Ningependa iwe uchawi, mwanangu. Uchawi ningeutibu. Hili sina dawa yake, na ninaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Usimhurumie tena. Chukua begi, au usichukue hata begi. Toka na Mama Chuea kwenye gari lake la barafu, panda basi. Kuanzia Jumatatu nitakaa kituoni Surin kila siku, basi la kwanza hadi la mwisho, mpaka nikuone unashuka.

Mama yako sasa anajua yote. Anakuita.

Baba yako


Chanthaburi, 21 Mei

Kwa Baba mkwe mheshimiwa,

Shikamoo Baba. Natumaini wewe na Mama hamjambo, na goti lake linapata nafuu. Sisi huku ni wazima kabisa.

Mimi si mwandishi, utanisamehe. Barua yako ilifika. Samniang mwenyewe ndiye aliyenisomea. Alikuwa amevaa, begi liko mlangoni, na muuza barafu anangoja nje. Alisema, "Kaa chini, Prayong, usikie maneno ya Baba. Hujafungwa na kitu. Uko huru, nenda kwenu." Alidhani nikisikia nitazinduka.

Nilisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamwomba arudie pale uliposema nimekuja kwa miguu yangu mwenyewe, na yote yametoka ndani mwangu. Akarudia. Nikalia, Baba. Hujui ulivyonisaidia. Dada yangu, mganga, soko zima walikuwa wananiambia kwamba penzi hili si langu, nimetiwa. Na mimi nilishaanza kuwaamini. Kuna asubuhi nilikuwa nasimama kwenye lango la mabati nikifikiri niondoke, nimrudie mke wangu, kwa sababu huenda moyo huu ni wa kuazimwa. Sasa wewe, uliyemchonga farasi, umethibitisha kwamba ni wangu. Sina shaka tena.

Muuza barafu nilimwambia asirudi. Tumehama pale. Huku tulipo ni shambani, ni kimya, hakuna jirani wa kumsumbua. Samniang amelala. Analala sana siku hizi. Nimemwambia asijisumbue kuandika, barua zote nitaandika mimi.

Msalimu sana Mama. Na huko kituoni usiendelee kukaa, Baba, jua la Surin ni kali kwa mtu wa umri wako.

Mkweo,
Prayong