Globu ya Kushoto

Baba,

Shikamoo. Najua marehemu hasalimiwi hivyo, lakini sijui namna nyingine ya kuanza nawe.

Nakuandikia kuhusu pikapu. Taa ya mbele ya kushoto ilizimika wiki ile ile tuliyoanua matanga, na tangu hapo hapa nyumbani tunatazamana kwa pembe ya jicho. Baba mdogo Yohana ndiye anayeendesha sasa. Anapeleka mahindi ya Mama sokoni Tunduma alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala barabarani. Trafiki walimsimamisha pale Chapwa kwa ajili ya taa hiyo. Aliporudi akasema mbele ya wote, "Shemeji, gari hili linamlilia mwenyewe. Tuliuze kabla halijatuua."

Mama alikuwa anamenya karanga, akaendelea kumenya. Lakini mimi nilisikia lile neno "tuliuze" limetoka upesi mno, kama lilikuwa limekaa tayari mdomoni. Bila pikapu Mama atawauzia walanguzi wanaokuja mlangoni, na lumbesa zao, magunia yaliyojazwa kupita kipimo, unazijua. Basi nikaanza kumchunguza ndugu yako.

Alileta globu mpya. Ikawaka kama kibatari. Nikaisoma kitakoni: volti ishirini na nne, ya malori. Pikapu yetu ni kumi na mbili, ulinifundisha mwenyewe tukiwa tumeinamia betri. Nilipomwambia, akacheka. "Tunduma kila kitu ni cha malori, mwanangu, hata chapati." Wote wakacheka. Mimi nilijiuliza mtu aliyeshika usukani miaka yote anakosaje jambo hilo.

Jumamosi tukaenda wenyewe, Mama na mimi, ile globu iliyoungua nimeifunga ndani ya soksi ili tulinganishe miguu yake mitatu. Muuzaji alikuwa akiwasalimia Wazambia kwa Kibemba, "mulishani," na sisi akitwambia "hii orijino, Mama." Mama akamuuliza, "Orijino ya wapi?" Akajibu, "Ya orijino." Ungekuwepo ungecheka hadi ushike ukuta. Aliijaribu kwenye betri, ikawaka, tukaichukua.

Nyumbani ikawa kama kawaida yetu. Hakuna kitu kilichotoka mpakani kinachoaminiwa kabla hakijapita mikononi mwa kila mtu. Bibi aliigeuza akaisugua kwa kidole gumba. Wadogo zangu wakachungulia uzi wa ndani. Mama, na mikono yake ya karanga. Baba mdogo. Mimi pia. Kisha, kabla haijafungwa, nikaikwaruza kitako kwa ncha ya bikari. Alama ndogo tu. Nilitaka kujua kama itakayoungua ni ile ile niliyoiweka, au kuna mtu anabadilisha.

Haikukaa. Siku ilipozimika nikaichomoa, na alama yangu ilikuwepo. Baba, nikuambie kweli? Karibu nisikitike. Nilikuwa nimeshamhukumu. Nikahamishia shaka kwa muuzaji, na wakati huo Baba mdogo alikuwa ameshaleta mtu kutoka ng'ambo ya mpaka, anapiga matairi teke, anafungua boneti yako bila hodi.

Nilichukua kasha la globu nikalisoma tena, maana unajua situpi karatasi. Pembeni kuna picha ndogo ya vidole vikishika kioo, imepigwa alama ya X. Nikakaa chini palepale. Nikakusikia: "Leteni kitambaa safi." Kila ulipobadilisha globu uliita hivyo, ukaishika kama mchungaji anavyoshika kikombe cha ushirika. Niliponyoosha mkono ukaupiga kofi dogo. "Macho yana kazi yake, vidole vina kazi yake." Nilidhani ni unadhifu wako tu. Kumbe mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo, taa ikipata moto kioo huungulia palepale. Hakuna aliyetuhujumu. Tuliiua wenyewe, kwa kuihakiki.

Mama akanunua nyingine, duka lile lile. Nikasimama mlangoni na leso yako nyeupe. Sauti yangu unaijua, haitoki, lakini ilitoka: "Msiishike." Baba mdogo akapiga makofi. "Haya, fundi wa shule kaja! Kutazama je, tunaruhusiwa?" Bibi alicheka hadi akakohoa. Ila hakuna aliyegusa kioo. Baba mdogo akaifunga akiwa ameishika kwa leso, nami pembeni nikiangalia vidole vyake kimoja kimoja.

Bado inawaka. Mahindi yameisha, sasa ni kahawa. Yule mtu wa ng'ambo alirudi, Mama akamwambia gari haliuzwi, akampa karanga za njiani.

Jana Baba mdogo aliniuliza kadi ya gari Mama anaiweka wapi. Nikasema sijui. Najua. Sitamsingizia tena, Baba, lakini simwondolei jicho.

Juzi nilipanda pikapu na Mama na Baba mdogo alfajiri kwenda shule. Kwenye kona ya shamba letu, upande wa kushoto, mwanga wa taa ulipita kwenye msalaba wa kaburi lako nikasoma jina lote. Miezi ile taa imekufa tulipita hapo kwenye giza. Juzi Baba mdogo alipunguza mwendo. Akavua kofia. Sikumwelewa.

Pumzika, Baba. Leso nimeifua, haitafuta kitu kingine. Nakuahidi, maadamu niko hapa nyumbani, upande wako wa barabara hautakuwa giza.

Binti yako,
Eliza