Mkono wa Mwanahija na Mbwa wa Laoban Kuang

Jumanne, 9 Machi 1999

"Mgeni hana sheria, Mwalimu. Mgeni ana biashara tu."

Maneno ya Abdulsalam, mzee wa kontena tunalopakia pamoja hapa Guangzhou, leo mchana, huku anakula wali wangu kwa kijiko changu. Nayaandika kama yalivyotoka, nisije kesho nikadhani nimemsingizia.

Haya, tuyachambue. Kama mgeni hana sheria, zile fomu za forodha anazotukimbiza tusaini kila safari ni barua za mapenzi? Na faini aliyopigwa Josphat, Mkenya wa chumba cha jirani, kwa kupitisha viza siku mbili — ilikuwa takrima? Sheria inamwona mgeni vizuri sana ikitaka kumkamata. Ikifika zamu ya kumlinda ndipo inapopofuka. Kwa mujibu wa nani? Wa Abdulsalam, muuza mashati wa Kariakoo!

Kilichotokea jana ni hiki. Mwanahija, Mzanzibari ninayekaa naye chumba kimoja hapa hotelini, alikwenda soko la nguo la Shahe kununua blauzi kwa laoban Kuang. (Laoban ni bosi. Hapa kila mtu ni laoban, hata mwenye meza moja ya soksi.) Robota la nguo sote tunalijua: za juu ni za kuoneshwa, ukweli umo katikati. Kwa hiyo hatununui mpaka tuzamishe mkono na kuchomoa ya katikati. Laoban anajua. Akampungia Mwanahija aingie ghalani, achomoe mwenyewe. Alichosahau kutaja ni kwamba nyuma ya marobota kafunga mbwa. Mbwa mkubwa, na mnyororo mrefu kuliko akili ya aliyemfunga.

Kamng'ata mkono wa kulia. Kidole cha shahada na cha kati. Kwa mnunuzi wa nguo, hayo ndiyo macho.

Laoban alicheka. Akampa karatasi ya kujifutia, akasema mbwa wake ni mchezaji.

Mimi nilikuwa mtaa wa Yide Lu nabishania rula na madaftari ya duka langu. Nimerudi, namkuta Mwanahija bafuni, damu kwenye beseni, Abdulsalam kasimama mlangoni anahesabu. Ya nne! Ya tano! Mate ya mbwa ni najisi, kamwambia, na alasiri inaingia: osha mara saba, moja kwa udongo. Mwanahija kaomba hospitali kwanza? Daktari hakimbii, kamjibu, atakuwepo. Na udongo unaupata wapi ghorofa ya sita ya hoteli ya Guangzhou? Mapokezi, kwenye chungu cha maua. Kaufuata mwenyewe, kaupandisha mwenyewe kwa gazeti, kaupaka mwenyewe. Huduma kamili.

Dini ya watu siigusi. Mimi ni Mkatoliki, nina yangu ya kujibu. Lakini Mwanahija, aliyesoma chuo cha Kurani miaka yote, ananiambia: "Mwalimu, twahara ingenisubiri miye. Ningeoshwa na daktari, kisha nikatia huo udongo mkono ushafungwa. Alonihimiza ni yeye. Nami nikafata."


Jumatano, 10 Machi

Mkono umevimba kama mkate wa boflo. Hospitali asubuhi, mimi mkalimani — yaani mimi na mikono yangu. Nilibweka. Ndiyo, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwalimu wa zamani wa uraia, nilibweka mbele ya foleni nzima. Walielewa mara moja.

Sindano ya kwanza kati ya tano za kichaa cha mbwa. Daktari kijana, mpole, anajua Kiingereza kidogo. Kusema kweli kasifu maji: kuosha sana ni vizuri. Kisha akachokoa. Udongo. Udongo tena. Kipisi cha sigara! Akakiinua kwa koleo, akatutazama. Nilitamani Abdulsalam awepo akihesabu kile pia.

Kaandika yote kwenye kijitabu cha mgonjwa. Ni Kichina, hatusomi hata herufi moja.

Blauzi aliyovaa, yenye tundu za meno kwenye pindo la mkono? Imefuliwa. Mara saba, bila shaka. Kuta za chumba zinatoa jasho majira haya, hakuna kinachokauka. Ushahidi wetu unaning'inia dirishani, safi kabisa, unadondosha maji.


Alhamisi, 11 Machi

Nimempata mtu! Bi Huang, mwenye duka la kutoa kopi chini ya hoteli. Alifundisha Kiingereza sekondari, na ana kitabu cha sheria za madai alichokinunua ili amshitaki kaka yake kwa ajili ya nyumba ya baba yao. Alishinda. Hawasemezani mpaka leo. Nimempenda papo hapo.

Katufasiria polepole, kidole kwenye mstari. Kifungu cha 127: mnyama wa kufugwa akimdhuru mtu, anayewajibika ni mfugaji au mwangalizi wake. Nikauliza: mtu yupi, Mchina? Akarudi nyuma kurasa kadhaa. Kifungu cha 8: yanayomhusu raia yanamhusu na mgeni aliyemo nchini, ila pale sheria inaposema vingine. Nilimwomba arudie, nikayanakili kwa herufi kubwa. Halafu muda: aliyeumizwa mwili ana mwaka mmoja wa kudai, basi. Kwa hiyo lile "tutaona safari ijayo" analotutuliza nalo Abdulsalam ni njia ya heshima ya kusema kamwe.

Nilikuwa tayari kumkumbatia. Bi Huang akanizuia: soma mpaka mwisho, mwalimu mwenzangu. Mwisho unasema hivi: kama madhara yametokana na kosa la aliyeumia, mfugaji hawajibiki.

Kwa hiyo yote yako hapa. Je, Mwanahija aliingizwa ghalani, au alijiingiza? Josphat alikuwepo, anachagua mikanda. Aliona mkono wa laoban ukimpungia.

Tukipanda ngazi, Mwanahija akasema: "Kumbe nimo kitabuni."


Ijumaa, 12 Machi

Abdulsalam kachukua kijitabu cha hospitali juu ya meza YETU, kampelekea laoban "kama ishara ya nia njema".

Siandiki zaidi leo. Kalamu ingetoboa karatasi.


Jumapili, 14 Machi

Sasa naweza.

Laoban Kuang kaja mwenyewe, na machungwa, karatasi na kidau cha wino wa dole. Yeye anasoma kile tusichokisoma. Kakikuta kila kitu kijitabuni: udongo, kipisi cha sigara, usaha. Karatasi yake, Bi Huang katufasiria, ni kazi nzuri ya fasihi. Mteja aliingia ghalani bila ruhusa. Mbwa alimkwaruza kidogo. Mteja akautia mkono wake uchafu kwa hiari yake, na hapo ndipo mkono ulipoharibika. Laoban, kwa moyo wa huruma, atamlipia sindano na kumpa robota moja la blauzi. Mteja hatadai tena, hapa wala kwao. Dole gumba hapa.

Mbwa ndiye pekee ambaye hakulaumiwa mahali popote. Namtakia maisha marefu.

Tulikaa wote wa kontena letu chumba cha kulia. Abdulsalam kaanza kwa dua, kisha:

"Mwanahija, mwanangu, weka dole, tuondoke salama. Kontena linafungwa Ijumaa. Ukimkorofisha laoban mmoja, kesho Shahe nzima ni meiyou, meiyou. Hakuna blauzi, hakuna mashati. Tutakula nini?"

"Dole lipi, Bwana Abdulsalam?" nikauliza. "Mkono wa kulia umefungwa wote."

"La kushoto si lipo?"

Na watu wakacheka! Watu wazima, wenye mama na dada!

Nikasoma kifungu cha 8. Akasema mimi nimezoea kugombana na serikali magazetini, sasa nimeleta ugonjwa wangu China. Nikamwambia ugonjwa wangu hauambukizi kwa udongo.

Hapo akatoa alichokuja nacho: asiyetaka suluhu mzigo wake hautapakiwa. Atafute kontena lake. Na yeyote anayemsaidia, vivyo hivyo.

Katoni zangu za madaftari zimo humo, shule zinafunguliwa. Niliogopa. Niandike ukweli maana hapa hakuna wa kumdanganya: kifungu cha 8 nilikikunja nikakitia mkobani.

Aliyesema ni Mwanahija. Taratibu, kwa Kiunguja chake, bila kupandisha sauti: "Mzee wangu, mbwa kaniuma siku moja. Wewe waniuma tangu Jumatatu." Akaondoka. Hakuweka dole. Lakini machungwa kayachukua, na karatasi kaichukua pia, pamoja na kidau cha wino. Karatasi nimeiona chini ya mto wake.


Jumatatu, 15 Machi

Hospitali. Juzi ilikuwa sindano, leo vidole. Cha shahada kitapona. Cha kati mshipa umeliwa. Daktari kamwambia akunje, hakikukunja. Nikamuuliza: jino au udongo? Akafikiri — nampa heshima kwa kufikiri — akasema jino lilifika ndani hadi kwenye mshipa, na si udongo uliolifikisha huko. Udongo umeongeza, haukuanza. Ataandika hivyo, kwenye karatasi mpya? Ataandika. Kaandika! Muhuri mwekundu!

Kwa hiyo limebaki moja: aliingizwa au alijiingiza.

Josphat nimemkuta kwenye ngazi anafunga kamba katoni.

"Mwalimu, mimi niliona. Lakini sikuona ile ya kuandikwa."

"Kuna kuona kwa aina ngapi, Josphat?"

"Wacha basi. Stoki yangu yote iko kwa store ya huyo laoban. Na unajua yeye ndiye alinipea mali ya mkopo nikianza. Nitamwangalia aje?"

"Utamwangalia kwa macho yaleyale uliyomwonea."

Akacheka kidogo, akaacha. Akaniambia ana mama Murang'a. Nikamwambia na Mwanahija ana mama, Mkunazini, Unguja. Akakaza kamba mpaka ikakatika.

Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi. Ningependa awe mbaya, ningelala.


Jumanne, 16 Machi

Kesho saa tatu asubuhi tuna kikao na laoban, ofisi ya usuluhishi ya soko. Bi Huang atakuja, atafunga duka kwa ajili yetu. Laoban kakubali kuja kwa sababu anaamini hakuna atakayesema.

Mwanahija kaketi kitandani. Karatasi iko mapajani mwake, kidau cha wino cha laoban kiko wazi pembeni. Anajaribu kushika kitambaa cha blauzi kwa kidole gumba na cha nne, anakisugua, anaachia, anajaribu tena. Nimemuuliza anafanya nini. "Najifunza." Baadaye: "Mwalimu, mashahidi wasipokuja nitaweka dole. Sina mwaka wa kungoja. Viza yangu haina hata wiki mbili."

Sikumkatalia. Hoja ninazo, lakini mkono ni wake.

Nimeandika barua hii mara mbili, nitaisukuma chini ya milango miwili sasa hivi. Nakala yangu naibakiza hapa:

*Josphat, Abdulsalam. Siwaombi mnipende, wala simwombi yeyote ushujaa. Josphat: uje useme kwamba laoban alimpungia mkono aingie. Maneno hayo tu, kisha ukamsalimie mfadhili wako ukitaka. Abdulsalam: uje useme kwamba udongo uliuleta wewe na kuupaka wewe, na kwamba mwanamke huyu aliomba hospitali kwanza ukamkatalia. Hutafungwa. Utaona haya kidogo, na haya haijaua mtu. Kontena fanyeni mnavyotaka, katoni zangu zitoeni. Lakini saa tatu kamili muwe mmekaa kwenye viti viwili vilivyo upande wa Mwanahija, kabla hajauliza kidau cha wino kiko wapi.*

Mlango wa Abdulsalam una mwanga kwa chini. Yuko macho. Napiga hodi au nasukuma tu? Napiga hodi.