Mtandao Niliouchagua kwa Akili Yako

Mpendwa dada Masika,

Nakuandikia kutoka Kasese nikiwa na wivu, wala sioni haya kukiri. Tangu uende Ulaya kusimamia mamia ya kompyuta zinazofanya kazi moja kwa pamoja, hapa nyumbani jina lako haliwaishi watu mdomoni.

Unakumbuka chumba chetu cha Bwera, tulipounganisha kompyuta nne kuukuu zigawane hesabu? Uliziita kama sisi Wakonzo tunavyowaita mabinti kwa kufuatana: ya kwanza Masika, ya pili Biira, jina langu, kisha Kabugho na Mbambu. Hesabu ilipokwama ukapaza sauti mbele ya wageni: "Biira njo anachelewesha bote!" Eti Biira ndiye anayewachelewesha wote! Walicheka. Nami nilicheka, lakini iliniuma, maana hata kwenye mashine ilibidi niwe nyuma yako. Kumbe kosa lilikuwa la waya. Ukaniambia, "Usiulize waya inabeba maneno ngapi. Uliza neno moja inafika saa ngapi."

Sasa chuo ninachofanyia kazi kimepata kompyuta nane za kukadiria mafuriko ya Mto Nyamwamba. Nikapewa kazi ya kuchagua mtandao wa kuziunganisha: Etheneti ya kawaida ya maofisini, Etheneti ya kasi inayobeba data nyingi zaidi, au InfiniBand, inayosifiwa kwa kufikisha ujumbe mdogo upesi. Nilijua wewe ungetaka InfiniBand, basi kwa ukaidi nikashikilia Etheneti. Muuzaji akatuazima vifaa, nikajaribu mitandao yote mitatu. Kila kompyuta hushika kipande chake cha mto, na katika kila hatua ya hesabu lazima iulize jirani yake maji yamefika wapi. Kwa Etheneti, hata ile ya kasi, zilikaa zikingojana. Kwa InfiniBand majibu yalirudi upesi, hesabu ikaisha kabla chai yangu haijapoa. Watu wa bondeni wanataka onyo kabla ya maji kufika. Nikatia saini InfiniBand huku roho ikiniuma.

Mkuu wetu akaniuliza mbele ya wote, "Hii akili umetoa wapi? Ni Masika alikuambia?"

"Hapana, bosi. Ni yangu mwenyewe."

Wakanipigia makofi. Dada, sikumbuki kupigiwa makofi nawe ukiwepo. Nakupenda, na nyumba imepoa bila wewe, lakini tafadhali, Krismasi hii usije. Nitawaambia mwenyewe kwamba akili ile ilikuwa yako, ila si sasa. Niachie mwaka mmoja tu.

Ni mimi,
mdogo wako anayekufuata