Matairi Mapana ya Citoyen wa Muhumba

Jumanne, 12 Agosti 1975. Miezi saba na siku nne tangu nitoke nyumbani Mwenga.

Kumbe jana tulilijaribu gari likiwa tupu! Kana kwamba kuna gari linalotembea tupu katika nchi hii.

Patron, mwenye gereji, aliniahidi likizo nikilimaliza vizuri. Jana niliamini nimelimaliza: mikono inayoshika magurudumu niliirefusha kwa kuchomelea, na matairi mapana ya citoyen, mteja wetu wa Muhumba, yakaingia bila kugusa kitu.

Leo citoyen akaenda nalo Miti. Huko akapakia shangazi wawili, pasta mmoja na mikungu ya ndizi. Springi zikalala, matairi yakasugua bodi, akarudi na moshi.

"Fundi gani wewe? Motokari iko inaungua!"

Nikaona likizo yangu nayo inaungua.

Nikainua springi kwa vipande vya chuma, nikakunja kingo za bodi kwa nyundo. Patron akawaita maman sita, wanawake waliokuwa wakipita, wapande tujaribu. Tukazunguka mtaa mzima, hakuna kilichogusa. Lakini maman wakakataa kushuka.

"Mulitaka uzito, tumewapa," alisema aliyekaa mbele. "Sasa mutufikishe Kadutu."

Citoyen akawapeleka, amenuna. Patron alicheka mpaka akakaa chini, na likizo akanipa.

Ule mchomeleo wa gurudumu la kulia bado unanitia wasiwasi. Kesho citoyen atalirudisha gari, nitauangalia tena.

Jumamosi napanda lori. Lisipoharibika njiani, Jumapili jioni niko nyumbani. Likiharibika, sitamwambia mtu kwamba mimi ni fundi.