Baba Amemwamini Profesa, na Profesa ni Mimi

Shangazi mpendwa, kabla hujanitukana nakuomba unisome mpaka mwisho, maana barua hii nimeiandika mara nne na mara nne nimeichana, na hii ya tano naituma bila kuirudia, kwa sababu najifahamu, nikiirudia nitaichana tena.

Mimi ni mtu mzima, nina mke na binti mmoja wa miaka mitano, kazi yangu ni duka la kutoa kopi karibu na maofisi, naprinti, nafunga vitabu, napiga laminesheni vyeti vya watu, na baba yangu mzazi tunaishi naye tangu mama alipofariki. Baba ni mwalimu wa kwaya mstaafu, mtu ambaye mpaka leo ukipiga mluzi vibaya barabarani anageuka kukutazama. Miaka mitatu iliyopita masikio yake yalianza kuchoka, akapimwa, akapewa kifaa cha kusikia, kale kadogo kanakokaa nyuma ya sikio, akanung'unika weee lakini akakavaa, na nyumba ikatulia, tukaacha kuongea kama watu walio pande mbili za soko.

Sasa Shangazi, mimi nina ugonjwa wangu. Dukani kuna saa hazina mteja, mashine zinapoa, na simu ninayo mkononi. Kuna jukwaa moja la mtandaoni watu wanabishana juu ya kila kitu, mimi niliingia huko kwa mambo ya gemu tu, gemu ipi ya mpira ni ya maana na ipi ni ya watoto, nikajiita Profesa kwa utani, maana shule niliiacha mapema na baba hajawahi kulisahau hilo. Kumbe jina lina nguvu, watu wakaanza kuniuliza, Profesa unasemaje kuhusu simu hizi mpya, nami sina adabu ya kusema sijui, nikasema. Nikahamia kwenye muziki, nikatangaza kwamba wa siku hizi unapikwa na mashine na waimbaji ni mapambo. Nikaingia mpaka kwenye dini, nikaandika kwamba kinanda cha umeme kinapoozesha ibada, mimi ambaye ibadani naenda kwa kusukumwa na mke wangu. Na kila nilipobanwa nitoe chanzo nilikuwa na dawa yake, naandika "utafiti wa chuo kikuu kimoja cha ughaibuni umeonyesha", basi, mtu ananywea. Chuo chenyewe sikuwahi kukitaja na hakuna aliyewahi kukiulizia.

Pale jukwaani kuna mtu anajiita Sauti ya Nne. Huyu ndiye aliyenivimbisha kichwa kuliko wote, anaandika kwa adabu, nukta ziko mahali pake, "Profesa, umenifungua macho, laiti vijana wote wangesoma kama wewe." Nilikuwa nayasoma maneno yake nimesimama kando ya mashine, nafunga simu, nafungua, nayasoma tena. Yalikuwa yananifanya nitembee nimenyooka, Shangazi, na umri huu nilionao.

Karibu miezi miwili iliyopita, saa ya chakula cha mchana, nikabishana na mtu anaitwa Msumari kama muziki wa zamani ulisikika vizuri kuliko wa sasa, akaniambia Profesa wewe hata sikio linavyofanya kazi hulijui, watu wakacheka, mimi nikawaka. Nikaandika kwamba utafiti umeonyesha kifaa cha kusikia kinalitia sikio uvivu, na kwamba mtu aliyezoea muziki akikivua kwa siku mia moja sikio linaamka lenyewe na kurudisha hata sauti nyembamba kabisa. Unajua hizo siku mia moja nilizitoa wapi? Mbele yangu palikuwa na pakiti ya karatasi za laminesheni, imeandikwa ubavuni kwamba ndani zimo mia moja. Naapa, chanzo changu ni hicho. Watu mia sita wakabonyeza kupenda, akaja mteja wa kufunga ripoti, nikaweka simu chini na nikasahau.

Jumatatu iliyofuata baba akaja dukani, na si kawaida yake. Akaninyooshea simu yake.

"Nitolee hii, kwa herufi kubwa. Halafu uitie ile plastiki isilowe, nataka kuibandika ukutani."

Nikasoma. Ni maneno yangu, neno kwa neno, jina la Profesa juu, na chini yake maoni yenye ile adabu ninayoijua, na simu ikionyesha kwamba mwenye maoni hayo ndiye mwenye simu. Sauti ya Nne. Ndiyo sauti aliyoimba baba maisha yake yote, ile nzito ya chini, na mimi mwanawe niliyekua nikiisikia sikujiuliza hata siku moja.

Nikamwambia, "Baba, mambo ya mtandaoni hayana uhakika." Akaniambia nirudie, maana kifaa alikuwa ameshakivua, nikarudia kwa kupiga kelele mpaka wateja wawili wakageuka. Akatikisa kichwa.

"Wewe ungekuwa na robo tu ya akili ya huyu mtu, leo usingekuwa unatoa kopi za vyeti vya wenzako."

Nikaprinti. Nikaipitisha kwenye laminesheni kwa mikono yangu, nikaitazama kwenye mwanga nione kama ina viputo, haikuwa hata na kimoja. Kwa nini sikuichana palepale sijui. Au najua, nilifurahi, Shangazi, nilifurahi kidogo kwamba baba anabandika maneno yangu ukutani.

Tangu siku ile kifaa kiko kwenye droo na betri zake. Baba anakata siku kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu, leo amekata ya hamsini na tatu, na anasema ameanza kusikia ndege. Hasikii ndege, hasikii mlango, hasikii sufuria ikifurika mgongoni kwake. Na yeye ndiye anayemchukua binti yangu shuleni kila mchana, na katikati kuna barabara ya malori. Alhamisi iliyopita binti yangu alikuwa anakula, wala hakuwa analalamika, alikuwa anahadithia tu, akasema, "Babu hasikii honi, mimi ndiyo namvutaga shati." Mke wangu akaweka kijiko chini. Akaenda kuongea na baba, akaongozwa mpaka ukutani akaonyeshwa karatasi.

Nimejaribu kurekebisha. Nilifungua jina jipya jukwaani, nikaandika kwamba Profesa amekosea na kifaa kisivuliwe bila kumwona mtaalamu. Nilitukanwa na watu arobaini, wananidai chanzo, na wa kwanza wao alikuwa Sauti ya Nne, "Kijana, kama hujui kaa miguuni pa Profesa ujifunze." Nimewaza pia kumwandikia kama Profesa kwamba umetoka utafiti mpya umeufuta ule wa zamani, avae kifaa, yaishe, asijue milele. Njia hiyo naiona nzuri lakini kila nikianza kuiandika naifuta. Au nivumilie siku mia ziishe mwenyewe aone hakuna kitu? Zimebaki arobaini na saba. Kila honi ikilia nje ya duka nashtuka, leo nimeharibu vyeti viwili vya mtu. Nikikiri namvunja mzee, na namuua mtu pekee ambaye baba aliwahi kumheshimu ndani yangu, maana maisha yangu yote hajanisifia ila huko, na hajui kwamba alikuwa ananisifia mimi. Nifanye nini? Jina langu usilitoe. Lile la Profesa litoe tu, nimelichoka.

Mtoa Kopi

*

Mtoa Kopi, mwanangu,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba. Sasa niruhusu nikutukane.

Siku arobaini na saba umezihesabu za nini? Umenijazia kurasa juu ya Profesa, na barabara ya malori umeipa sentensi moja. Mtoto wa miaka mitano ndiye sikio la babu yake, kazi yake ni kuvuta shati, halafu baba mtu unaniuliza kama uvumilie! Leo, kabla hujawaza jambo lingine lolote, funga duka mchana ukamchukue binti yako mwenyewe. Na kesho. Na kila siku mpaka mzee avae kifaa chake. Mwenye cheti atangoja nusu saa, hatakufa.

Ile hila ya utafiti mpya itoe kichwani. Unataka kumtoa baba yako kwenye uongo kwa kumpandisha kwenye uongo mwingine, na atakayebaki anasikilizwa ni nani? Profesa yule yule. Mwezi ujao Msumari atakuchokoza tena, nawe utakuwa na pakiti nyingine mbele yako, na safari hii utaandika kuhusu dawa za presha. Ndiyo maana kila ukianza kuiandika unaifuta. Kisikilize hicho kidole kinachofuta, kina akili kuliko wewe.

Nina huruma pia, usinione mkavu. Pale uliposema ulifurahi wakati ile karatasi inatoka kwenye mashine, niliiweka barua yako mezani nikaenda kujimiminia maji. Mtu anaweza kuota mvi akisubiri neno moja jema kutoka kwa mzazi wake, na nakuelewa. Baba yako naye ana lake la kujibu, maneno aliyokuambia mbele ya wateja hayakuwa ya mzazi. Lakini tazama vizuri unacholinda. Mzee anamsifia mtu anayejua, na wewe hukujua. Sifa hiyo haijawahi kuwa yako hata siku moja, na unaitunza kwa kumweka mzee barabarani.

Mimi habari za masikio sizijui, na baada ya kukusoma nimeona aibu kubahatisha. Nikampigia simu mama mmoja ambaye kazi yake ni hiyo, kupima masikio ya watu, nikamsomea maneno ya Profesa. Akaniomba nimsomee tena, polepole. Kisha akasema, "Mzee arudishwe kwa waliompima, aende na kifaa chake wakitazame upya, na barabara asivuke bila hicho." Nikamuuliza kuhusu sikio kuamka lenyewe. Akaniuliza nani kasema. Nikamwambia ni habari ndefu.

Sasa utamwambiaje mtu asiyekusikia? Ukipaza sauti, siri yako wataijua majirani wote isipokuwa yeye. Wewe si ndiye mtu wa kuprinti? Anza na mkeo, mwambie yote kwa mdomo, jioni ya leo, asije akalisikia hili nyuma ya mlango. Kesho asubuhi kaa kwenye kompyuta yako ya dukani, uandike kwa jina alilokupa baba yako. Andika kwamba Profesa ni wewe. Andika kwamba utafiti haukuwepo, na kwamba siku mia moja ulizisoma ubavuni mwa pakiti. Hiyo pakiti usiifiche hata kama inakuaibisha, maana bila hiyo hataamini, atadhani unamwonea wivu Profesa. Usiandike kwamba ulitaka kusaidia watu. Usimsingizie Msumari. Lile la kusimama kando ya mashine ukisoma maneno ya Sauti ya Nne liandike kama ulivyoniandikia mimi, usilipambe.

Itoe kwa herufi kubwa, ukubwa ule ule wa karatasi iliyoko ukutani. Weka kifaa mezani na betri mpya, mpe barua mkononi, ukae mbele yake. Usijifanye umeitwa nje. Atasoma polepole, watu wanaoweka nukta mahali pake husoma hivyo, nawe utakaa hapo mpaka afike chini.

Siku hiyo hiyo rudi jukwaani kwa jina lile lile la Profesa, useme kwamba ulitunga. Hao mia sita waliopenda wana wazazi wao na droo zao. Utachekwa, na Msumari atafanya sherehe. Mwache afanye, alikuwa amesema kweli, sikio hulijui. Ukimaliza, kaa mbali na simu saa zile mashine zinapopoa. Ukishindwa kabisa, zungumzia gemu za mpira tu, na ukiulizwa kingine andika "sijui". Ni neno fupi, litakuzoea.

Mzee atakasirika, sikudanganyi. Anaweza akamaliza wiki hajakusemesha, na sina uhakika kama atakuja kukusifia. Lakini siku atakapotaka kukugombeza sawasawa, na kusikia unavyojibu, itabidi kwanza akivae kile kifaa. Hapo utamjibu taratibu, bila kupiga kelele, na atakuwa anaongea na wewe.

Na hiyo barua, mwanangu, usiipige laminesheni. Mpe kwenye karatasi ya kawaida, ili akitaka kuichana, ichanike.