Lori la Mokua Halikwami

Kericho, kwenye mashamba ya chai

Kwa ndugu yangu mkubwa Barnaba,

Salamu zikufikie hapo nyumbani, wewe na mji wako wote. Kifua cha mama kimepoa, ama bado anakohoa asubuhi? Na mvua imefika huko, ama ziwa linawaonyesha mawingu tu? Mimi ni mzima, isipokuwa mbavu mbili za kushoto ambazo dresa wa zahanati amezifunga kitambaa. Nikicheka zinauma, lakini siku hizi sicheki sana. Kaka, soma barua hii peke yako kwanza, halafu umsomee mama zile sehemu utakazoona zinafaa.

Unajua kwamba hapa tuko madereva wawili, mimi na Mokua, mtu wa Kisii, kutoka milima iliyo ng'ambo ya Chepilat. Malori yetu yalishushwa siku moja kutoka treni moja, rangi moja, injini moja. Kazi yetu pia ni moja, kupeleka masanduku ya chai kutoka kiwandani hadi stesheni ya Kipkelion, ile Wazungu wanaiita Lumbwa. Mimi nilitangulia kazini. Mimi ndiye niliyemwonyesha mahali pa kupunguza gia. Kisha mvua kubwa ikaja, na Mokua akaanza kunipita.

Kuna mlima mmoja wa udongo mwekundu kabla ya stesheni. Mimi nikifika pale, tairi moja la nyuma linaingia kwenye tope, linalia, linazunguka kama pia. Lile lingine limesimama juu ya ardhi ngumu, halifanyi lolote, kama mgeni anayetazama wenyeji wakilima. Nakata matawi, nafunga minyororo, naita watu wasukume. Nikiwa hapo na matope mpaka kwenye nyusi, Mokua anakuja, anapanda polepole, hakwami, anapiga honi mara moja na kunipungia mkono. Ilikuwa salamu tu, kaka, lakini mimi niliiona kama kofi.

Siku moja Bwana wa kiwanda alitusimamisha mbele ya stoo. "Lori mpya nakuja," akasema. "Dereva ya kwanza ndio tapata." Aliponena hivyo hakunitazama mimi.

Tangu siku hiyo sikuwa na usingizi wala hamu ya ugali. Nilimwonea Mokua wivu kwa kila kitu: kofia yake, namna wapakiaji walivyokimbia kumfungulia mlango, hata kimya chake. Mke wake Kemunto alipomletea uji mchana, niliuonea wivu ule uji, mimi ambaye mke wangu Dorka yuko huko na nyinyi. Mpakiaji mmoja aliniambia Mokua ana dawa ya mganga aliyoificha chini ya kiti cha lori. Sisi ni watu wa kanisa, lakini nisikufiche, nilitamani iwe kweli. Dawa ingekuwa afadhali kuliko kukubali kwamba ananishinda kuendesha.

Jumapili moja watu wakiwa kanisani, niliingia gereji. Nikatazama chini ya kiti chake, sikuona kitu. Nikaweka jeki, nikainua magurudumu ya nyuma, nikazungusha moja kwa mkono.

Wewe ni mhunzi, utanielewa upesi. Katikati ya ekseli ya nyuma kuna boga la chuma, tunaliita difu, na ndani yake mna meno yanayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili. Kwa lori lenye difu nzima, ukiliinua hivyo na kuzungusha tairi la kushoto mbele, la kulia linarudi nyuma. La Mokua halikurudi. Yote mawili yalikwenda pamoja, kama yamechomewa kwenye chuma kimoja. Hapo nikajua. Difu yake ilikuwa imefungwa. Tairi moja likiteleza, la pili linaendelea kukanyaga na kusukuma. Nilikaa sakafuni nikamtukana kwa sauti, peke yangu, na nyimbo za kanisa zikinifikia dirishani.

Kesho yake nilimwendea fundi mmoja Kalasinga mwenye kilemba katika maduka ya Kericho, nikamtolea blanketi langu jipya anifungie difu yangu. Alifungua, akayachomea yale meno, akapangusa mikono. "Baba, hii ya matope tu," akaniambia. "Kona kavu, gari hapana sikia wewe."

Nikamjibu, "Mwenzangu anaendesha hivyo hivyo kila siku."

Juma lile mlima ule niliupanda mara tatu bila kukwama. Nilipiga honi mpaka wachumaji wakasimama na vikapu vyao kunitazama. Halafu mvua ikakatika, barabara ikakauka, na lori la Mokua likaingia gereji. Sikuuliza kwa nini. Nilifurahi tu kwamba yeye amekaa na mimi ninakwenda. Usukani wangu ulikuwa mzito, matairi yakilia kila nilipogeuka kwenye changarawe. Nikakumbuka kwamba Mokua alikuwa akikata kona kama bibi arusi, hatua kwa hatua, na mimi nikimcheka.

Alhamisi asubuhi alinijia. "Eliya," akasema, "dada yake Kemunto anashuka na treni ya Kisumu. Mchukue mke wangu ampokee. Wewe ndiye ninayekuamini." Kaka, maneno hayo yalinivimbisha. Nikataka Kemunto arudi amwambie mumewe jinsi Eliya anavyoendesha.

Tuliteremka vizuri mpaka kona ya miti ya mwati. Nilikuja kwa haraka, mzigo umejaa. Umeona ng'ombe wawili wa plau wanapogeuka mwisho wa shamba: wa nje anakwenda hatua nyingi, wa ndani anakanyaga karibu palepale. Magurudumu ni hivyo hivyo, na difu ndiyo inayoyaruhusu kupishana. Yangu hayakuweza tena. Yote mawili yalitaka kwenda sawa, na njia ya kwenda sawa ni kwenda mbele. Nilikata usukani wote kulia. Magurudumu ya mbele yaligeuka, nikayaona yamegeuka, lakini lori likaendelea moja kwa moja kuelekea bondeni. Kemunto aliita jina langu mara moja tu.

Mti mmoja ulitushika. Mimi nilipiga usukani kwa mbavu. Kemunto alirushwa mlangoni, mkono wake ukavunjika juu ya kiwiko. Chai ilimwagika mteremko mzima.

Mokua alikuja mbio na watu wa gereji. Alikwenda kwa mkewe kwanza, akamfunga mkono kwa vijiti na leso, akizungumza naye polepole kwa lugha yao. Kisha akaja nyuma ya lori, ambako magurudumu yalikuwa yamening'inia, akazungusha moja. La pili likalifuata. Akalisimamisha kwa kiganja.

"Nani alikufungia?"

"Fundi wa mjini."

"Yangu ilifungwa kule kiwandani nilipoomba, Bwana alisema iwe ya mvua peke yake. Ndiyo wanaifungua juma hili." Akanitazama. "Kwa nini hukuniuliza, Eliya? Ningekuambia."

Kumwuliza kungekuwa kukubali kwamba yupo mbele yangu, na mimi niliona heri kuvunjika.

Bwana alifika na motokaa yake. "Breki nakufa?" akauliza. Mokua aligeuka akarudi kwa mkewe. Aliniachia nafasi, kaka, na ingetosha niseme ndiyo. Lakini Kemunto alikuwa amekaa juu ya sanduku la chai, amekumbatia mkono wake, akinisikiliza. Nikasema, "Hapana, Bwana. Breki ni nzima. Mimi nilifunga difu kwa siri."

Nilinyang'anywa usukani palepale. Lori jipya limekuja, amepewa Mokua, na mimi ni msaidizi wake: nafunga turubai, natia maji, nafungua mageti. Kemunto anaendelea kupona, ingawa mkono bado haunyooki wote. Nilikwenda kumwomba radhi. Aliniambia, "Nimekusamehe, lakini gari lako sipandi tena." Sikumlaumu.

Usifikiri wivu umekwisha. Bado kila asubuhi Mokua akishika ule usukani mpya, najitia kukaza kamba za turubai nisimtazame. Jana tulikuwa tunarudi kutoka Bomet, njia ile ya kona baada ya kona. Akasimamisha lori, akashuka, akazunguka upande wangu. "Sogea uendeshe," akasema, "mimi nimechoka." Nilishika usukani. Nilipita kona ya kwanza polepole, na ya pili. Nikamgeukia nione kama ananichunga, ama amekanyaga sakafu kwa hofu. Kaka, Mokua alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa chake kikiniangukia begani.

Nisalimie mama, na shangazi yetu muuza samaki, na mwalimu wa kanisa aliyenifundisha kuandika. Dorka mwambie mbavu zinaunga vizuri na asije kwa hofu. Watoto wako wote niwekee mkono kichwani.

Ni mimi mdogo wako, niliyekufuata kuzaliwa,
Eliya