Kunazi za Mama Mkwe

Jumanne, 21 Novemba

Mama mkwe kanichekesha leo! Namchana nywele, akaanza tena hadithi ya harusi yangu. Eti alinirushia kunazi kwa mikono yake, kama impasavyo mama mkwe, nikakinga sketi, nikadaka mbili — ndiyo maana nikazaa wawili. "Wewe nilikuchagua mwenyewe," anasema.

Harusini hakuja. Alijifungia chumbani, humu humu mjini Andong, akasema mkwe wa kutoka mkoa hasimu wa Jeolla hamtaki. Kunazi hakurusha mtu. Miaka yote nilikuwa "huyu wa Jeolla." Sasa ugonjwa umemla kumbukumbu. Daktari anasema hadanganyi, akili yake inaziba mapengo kwa chochote inachokipata. Basi pengo langu limezibwa vizuri! Ananiita mwanangu. Nina raha, kwa nini nifiche?

Ijumaa, 24 Novemba

Wifi Myeong-ja kaja kutengeneza kimchi, kabichi za kuchachusha za majira ya baridi. Kabichi tumeshazitia chumvi. Mgongo hoi. Mama naye: kunazi, sketi, kunazi. Wifi akanivuta uani. Kwa nini namwacha mama yake aamini uongo? Kesho atamwambia ukweli. Nikasema atausahau ukweli, atabaki na uchungu tu.

"Sema unaipenda hiyo hadithi, wifi."

Kanipata! Naipenda. Na naogopa. Mama akiambiwa, si nitarudi kuwa wa Jeolla?

Jumamosi, 25 Novemba

Wifi kasema! Tunapaka kabichi pilipili, mikono myekundu hadi viwikoni. "Mama, wewe harusini hukwenda."

Mama akanigeukia mimi, si binti yake. "Kweli sikuja?"

Nikachana jani la kabichi, nikalikunja, nikamlisha. "Hujachelewa, Mama," nikasema.

Akatafuna taratibu. Halafu Mama: "Kunazi ziko wapi?"

Wifi mwenyewe kaenda kuzileta, nami nimekimbilia chumbani kuvaa sketi safi. Vidole vinawasha, naandika hivyo hivyo. Mume wangu Du-sik analalamika goti, lakini keshakaa chini — sketi ya bibi harusi hukingwa na wawili, bibi na bwana. Nani anagonga mlango hivyo? Wifi!

"Bibi harusi, toka basi! Mama keshajaza viganja!"